Saa mbili juu ya usukani: vijana wa Ace Cafe na umeme wa pikipiki zao

 

Leo nimekuja na Historia. Msikimbie! Najua wengi wetu tukisikia Historia tunakumbuka daftari la kidato cha nne: taja sababu sita za Mapinduzi ya Viwanda, eleza matokeo saba, funga daftari, nenda kacheze mpira. Mimi ndiye nitakayekwenda kuifundisha hiyo Historia nikimaliza hapa chuoni, kwa hiyo nina haki ya kulalamika kidogo, he he.

Kilichonisukuma ni pikipiki. Hapa bwenini kuna jamaa anajenga pikipiki yake upya kuanzia fremu tupu, na kinachomnyima usingizi si injini. Ni saa na umeme. Aweke spidomita ya namna gani? Aweke na ile saa ya mizunguko ya injini, yaani takomita, au aiache? Betri kubwa au ndogo? Taa za LED au za balbu? Kila fundi anamwambia lake. Nikaenda kusoma, nikakuta swali hili lina historia ndefu. Vijana wa rika letu waliliuliza London zaidi ya miaka sitini iliyopita, wakalijibu kwa spana na mikono yao wenyewe, na wengine walikufa barabarani wakiwa wanaitazama saa waliyoichagua.

Nilichojifunza nakisema mapema ili msiseme nawazungusha: kuchagua saa na umeme wa pikipiki ni kuamua unataka kujua nini ukiwa barabarani, na unamwamini nani akuambie. Sasa tuanze.

PIKIPIKI ISIYOSEMA KITU

Pikipiki za mwanzo hazikuwa na saa yoyote. Mwendeshaji alisikiliza injini, akanusa, akagusa kwa mkono kama imechemka. Taa ilikuwa ya kabidi: unaweka vipande vya kabidi chini, maji yanadondoka taratibu kutoka juu, gesi ya asetilini inatoka, unawasha kwa kiberiti. Honi ilikuwa ya mpira wa kubonyeza. Umeme uliohitajika ni ule wa cheche za plagi tu, na kwenye nyingi huo ulitoka kwenye magneto. Magneto ni sumaku na koili zinazozungushwa na injini yenyewe, haihitaji betri. Mwaka 1897 karakana ya Robert Bosch kule Ujerumani ilifanikiwa kuifunga kwenye chombo cha magurudumu matatu chenye injini ya De Dion-Bouton, na mwaka 1902 mhandisi wake Gottlob Honold akatoa magneto ya volti kubwa. Ishikeni hiyo magneto kichwani, itarudi.

Mwaka huohuo wa 1902, Otto Schultze wa Strasbourg (mji uliokuwa chini ya Ujerumani wakati huo) alisajili hataza ya spidomita ya sumaku. Nilimwomba rafiki yangu anayesoma Fizikia anieleze, akanieleza kwa kutumia sufuria na kijiko, nikaelewa. Kebo inatoka kwenye gurudumu au giaboksi, inazungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini. Sumaku haikigusi kikombe. Lakini ikizunguka inazalisha mikondo midogo ya umeme ndani ya ile alumini, na mikondo hiyo inakivuta kikombe kifuate sumaku. Springi nyembamba kama unywele inakizuia. Kikombe kinasogea kidogo tu, kikibeba mshale. Ukiongeza mwendo, mvuto unaongezeka, mshale unapanda. Hakuna betri, hakuna waya wa umeme. Ni akili tupu, jamani.

Waingereza walipenda zaidi njia ya pili. Kampuni ya S. Smith & Sons ilianza London mwaka 1851 kama duka la saa za kawaida, hizi za kujua muda. Haishangazi basi kwamba spidomita zao maarufu za pikipiki, zinazoitwa Chronometric, ndani yake zina mtambo wa saa kabisa. Mtambo unahesabu kebo imezunguka mara ngapi katika muda mfupi uliopimwa, unaupeleka mshale mahali pake, halafu unahesabu upya. Ndiyo maana mshale wa Chronometric hautelezi kama wa sumaku. Unaruka hatua kwa hatua, tik, tik, tik. Aliyezoea anaupenda, kwa sababu kila hatua ni hesabu iliyokamilika, na mtikisiko wa injini hauuyumbishi mshale ovyo.

Serikali nayo ikaingia. Mwaka 1930 Bunge la Uingereza lilifuta kikomo cha zamani cha maili 20 kwa saa kwa magari madogo na pikipiki. Vifo vikawa vingi, na mwaka 1935 kikaja kikomo cha maili 30 kwa saa (kilomita 48 hivi) kwenye maeneo ya makazi. Na sheria za huko zinadai spidomita kwa vyombo vilivyoanza kutumika kuanzia tarehe 1 Oktoba 1937. Mnaona mtiririko? Huwezi kumshtaki mtu kwa kuzidisha mwendo wakati hana kitu cha kumwambia mwendo wake. Kuanzia hapo saa haikuwa tena pambo la mwenye hela, ilikuwa shahidi.

UMEME WAINGIA NA MANENO YAKE

Kwenye umeme jina kubwa ni Joseph Lucas wa Birmingham. Alianza miaka ya 1860 akiuza mafuta ya taa mitaani, akaingia kwenye taa za baiskeli, na kampuni yake ikaja kutengeneza karibu kila kitu cha umeme kwenye pikipiki za Kiingereza: dainamo, magneto, taa, honi, swichi. Kwa miongo mingi mfumo wao ulikuwa hivi: magneto kwa ajili ya cheche, na dainamo ya volti 6 pembeni kwa ajili ya taa na betri. Dainamo yao iliyokuwa ya kawaida baada ya vita ilitoa wati 60 tu. Sitini! Kuna balbu za nyumbani za zamani zilizozidi hapo.

Kwa sababu umeme ulikuwa mdogo hivyo, juu ya taa kubwa waliweka kisaa kidogo chenye alama ya kutoa na ya kujumlisha. Hiyo ni amita. Mshale ukielekea kwenye kujumlisha, betri inachajiwa. Ukielekea kwenye kutoa, unakula akiba. Mwendeshaji wa usiku alijua kabisa kwamba akiwasha taa kubwa na kwenda polepole mjini, anakula akiba.

Mwaka 1953 Triumph walibadilisha mambo kwenye modeli yao ya Speed Twin: wakaondoa magneto na dainamo, wakaweka alteneta ya Lucas na koili ya kuwashia. Ilikuwa rahisi zaidi kutengeneza, ina vitu vichache vya kuchakaa. Lakini fikirieni maana yake. Zamani betri ikifa, magneto inaendelea kutoa cheche, unarudi nyumbani bila taa lakini unarudi. Sasa cheche yenyewe inaitegemea betri. Lucas walilijua hilo, ndiyo maana swichi za wakati huo zilikuwa na nafasi ya dharura iliyoandikwa EMG, inayoelekeza umeme wa alteneta ili injini iwake hata kama betri imekwisha.

Wapenda pikipiki walimpa Lucas jina la utani, "Mfalme wa Giza", na utani huo upo mpaka leo. Kuna ukweli ndani yake lakini kuna na uonevu. Injini zile za silinda mbili zilizopanda na kushuka pamoja zilitikisika vibaya sana, na mtikisiko unakata nyuzi za balbu, unalegeza viunganishi, unachosha betri. Ongeza na mwenye pikipiki aliyekata waya na kuunga kwa kuzungusha vidole, akafunga utepe juu. Lawama zote zikaenda Birmingham.

MIA MOJA

Sasa twende penyewe. Barabara ya North Circular, kaskazini magharibi mwa London. Hapo palikuwa na mgahawa unaoitwa Ace Cafe, uliofunguliwa mwaka 1938 kwa ajili ya madereva wa malori, ukabomolewa na mabomu wakati wa vita, ukajengwa upya mwaka 1949. Ulikuwa wazi usiku kucha. Miaka ya 1950 vijana wa Kiingereza walianza kupata ajira na vijisenti, na pikipiki ndiyo ilikuwa chombo cha kasi walichoweza kukimudu. Wakajaa pale. Wenyewe na pikipiki zao waliitwa "kafe resa", yaani wakimbizaji wa mgahawani. Baadaye wakajulikana kama Rockers.

Lengo lao lilikuwa moja: ton. Ni neno lao la mtaani kwa mia moja, yaani maili 100 kwa saa, kilomita 160. Nje ya maeneo ya makazi hakukuwa na kikomo cha mwendo wakati huo. Kuna hadithi inayosimuliwa sana kwamba kijana aliweka sarafu kwenye mashine ya muziki, akatoka mbio hadi mahali fulani na kurudi kabla wimbo haujaisha. Kama ni kweli au ni chumvi, wazee wenyewe hawakubaliani.

Pikipiki za dukani hazikuwatosha, wakajenga zao. Iliyo maarufu kuliko zote ni Triton, yaani injini ya Triumph ndani ya fremu ya Norton. Norton walikuwa na fremu bora, Featherbed, iliyobuniwa na Rex McCandless wa Belfast na kuonekana kwenye mashindano ya Isle of Man mwaka 1950. Triumph walikuwa na injini ya silinda mbili ya Edward Turner, iliyotoka mwaka 1937, yenye nguvu na rahisi kuiongezea nguvu. Na fremu zilitoka wapi? Watu wa mbio za magari madogo ya cc 500 walizihitaji injini za Norton, lakini ilibidi wanunue pikipiki nzima. Wakachomoa injini, fremu zikabaki bila kazi. Mabaki ya mtu mmoja yakawa mtaji wa mwingine, kama Gerezani au Gikomba tu. Na msidhani ni mambo ya watoto: mwaka 1965 Dave Degens na Rex Butcher walishinda mashindano ya saa 24 ya Barcelona kwa Triton.

Jengeni picha sasa. Una fremu ya Norton, injini ya Triumph, giaboksi ya huyu, gurudumu la yule. Saa utachukua wapi?

Uamuzi wa kwanza: saa ngapi? Pikipiki halisi za mashindano, kama Norton Manx, zilikuwa na takomita peke yake. Kwenye mbio hakuna anayejali unakwenda maili ngapi, unajali injini isizidishe mizunguko ikapasuka. Vijana wa Ace walitaka kufanana na wanamashindano, lakini pia walitaka ushahidi wa ton yao, na sheria ilitaka spidomita. Wakaweka zote mbili, za Smiths, ubavu kwa ubavu kwenye bati la alumini juu ya uma. Kila kitu kingine walikitupa: bampa nzito, kiti cha abiria, hata indiketa hazikuwepo. Lakini zile saa mbili zilibaki. Takomita ilimlinda injini. Spidomita ilimpa kijana cha kuhadithia.

Uamuzi wa pili ndio ulionishika zaidi: je, saa inasema kweli? Kwenye uso wa spidomita ya Smiths kuna namba ndogo, kwa mfano 1600. Maana yake ni kwamba kebo inatakiwa izunguke mara 1,600 kwa kila maili moja. Piga hesabu nami. Maili ni mita 1,609. Tairi lenye mzingo wa mita 2 huzunguka mara 804 hivi kwa maili. Kifaa cha gurudumuni kikizungusha kebo mara mbili kwa kila mzunguko wa tairi, unapata 1,609. Safi, saa inasema kweli.

Sasa weka tairi dogo lenye mzingo wa mita 1.9, jambo ambalo mjenzi anafanya bila kufikiri. Gurudumu linazunguka mara nyingi zaidi kwa maili ileile, na mshale unasoma zaidi kwa karibu asilimia 5. Saa ikisema 100, wewe uko 95. Kama kebo inatoka kwenye giaboksi na umebadilisha sproketi ya nyuma kutoka meno 43 hadi 46, uongo ni karibu asilimia 7. Na Triton ilikuwa imebadilishwa vyote! Kwa hiyo inawezekana kabisa baadhi ya ton zilizohadithiwa pale Ace hazikufika mia. Kijana alihatarisha shingo yake kwa namba ambayo fundi mwenye rula na karatasi angeikanusha kwa dakika tano.

Na hatari ilikuwa ya kweli. Vijana walikufa barabarani, magazeti yakapiga kelele, Bunge likasikia. Mwaka 1961 wanaojifunza walizuiwa kuendesha pikipiki zaidi ya cc 250. Desemba 1965 kikaja kikomo cha maili 70 kwa saa nchi nzima, kwa majaribio, na mwaka 1967 waziri Barbara Castle akakifanya cha kudumu. Kofia ngumu zikawa lazima mwaka 1973. Ace Cafe yenyewe ilifungwa mwaka 1969.

VOLTI 12 NA WAYA MWEKUNDU

Wakati huohuo umeme ulikuwa unabadilika, na hapa wanaojenga pikipiki leo fungueni masikio.

Katikati ya miaka ya 1960 pikipiki kubwa za Kiingereza zilihama kutoka volti 6 kwenda 12. Kwa nini? Balbu ya wati 30 kwenye volti 6 inavuta ampea 5. Kwenye volti 12 inavuta 2.5. Na umeme unaopotea kama joto kwenye waya unafuata mraba wa ampea, kwa hiyo ukipunguza ampea kwa nusu, hasara inashuka hadi robo. Waya uleule, swichi ileile, taa inang'aa zaidi. Alteneta nazo zikapanda hadi wati 120 hivi.

Lakini alteneta ile haikujua kupunguza. Injini ikikimbia ilitoa umeme kupita kiasi, betri ingechemka. Lucas wakaweka dayodi ya Zener: volti zikizidi, inafungua mlango na kuugeuza umeme wa ziada kuwa joto. Joto hilo lazima liende mahali, kwa hiyo dayodi ilifungwa kwenye kipande cha alumini mbele, panapopigwa na upepo. Mjenzi anayependa muonekano msafi anaona lile dude, anaona baya, analificha chini ya kiti. Halipati upepo. Dayodi inaungua, kisha betri inafuata. Kile kipande kibaya kilikuwa na kazi.

Jambo jingine ni bodi. Pikipiki za Kiingereza za wakati ule zilifunga upande CHANYA wa betri kwenye fremu, kinyume na tulivyozoea. Waya mwekundu, ambao kwetu sote unamaanisha "hapa pana moto", kwao ulikuwa wa bodi. Triumph walihamia hasi kwenye fremu mwaka 1979 tu. Sasa chukua spidomita ya kielektroniki ya siku hizi, kasha lake la chuma limeunganishwa na hasi ndani, ifunge kwenye fremu yenye chanya. Umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja. Ukiwa na fyuzi, umepoteza fyuzi. Ukiwa huna, umepoteza saa na waya, na pengine pikipiki.

MJAPANI NA TAA NYEKUNDU

Mwaka 1969 Honda walianza kuuza CB750. Silinda nne, cc 736, breki ya diski mbele, stata ya umeme, volti 12, hasi kwenye fremu, spidomita na takomita ubavu kwa ubavu kutoka kiwandani, na taa za kuonya juu yake. Kile kijana wa Ace alichokijenga miezi sita gereji, sasa kilikuwa dukani, na hakivuji oili. Viwanda vya Kiingereza havikupona.

Angalieni lakini kilichoondoka. Hapakuwa tena na amita juu ya taa, wala saa ya kuonyesha oili ina nguvu kiasi gani. Badala yake kuna taa ndogo nyekundu. Amita inakuambia mapema: leo mshale umelala kidogo kuliko jana, kuna kitu. Taa inakaa kimya siku zote, halafu siku moja inawaka, na mara nyingi mambo yameshaharibika. Upande mwingine, taa inaonwa na kila mtu, hata asiyejua amita ni nini. Saa inamdai mwenye pikipiki elimu, taa haimdai kitu. Siwalaumu Honda, walikuwa wanauzia dunia nzima. Lakini mjenzi wa pikipiki anarudishiwa ule uchaguzi: unataka kusoma hali, au unataka kuletewa hukumu?

TUNAJIFUNZA NINI

Pikipiki za namna ya kafe resa zilifufuka. Vijana wale waliozeeka walikutana tena mwaka 1994, Ace Cafe ikafunguliwa upya mwaka 2001, na siku hizi unaweza kununua saa zenye sura ya Smiths ambazo ndani ni za kielektroniki. Hakuna kebo, kuna sumaku ndogo gurudumuni na kihisio kinachohesabu inapita mara ngapi. Lakini mkiangalia vizuri, kihisio kinafanya kazi ileile ya Chronometric: kinahesabu. Na bado utaulizwa mzingo wa tairi lako. Ukidanganya pale, saa itakudanganya wewe, kwa namba nzuri za kidijiti zenye kung'aa.

Nikikusanya ya wazee wale, mpangilio wa kuchagua ni huu. Kwanza jua umeme wako unatoka wapi na ni wati ngapi. Pili jumlisha vinavyokula: taa kubwa, taa ya nyuma, cheche, honi, saa. Vikizidi kinachotoka, betri itakufa hata iwe mpya. Tatu hakikisha upande gani wa betri uko kwenye fremu. Nne tafuta namba ya saa na mzingo wa tairi, upige hesabu. Tano weka fyuzi kabla ya kila kitu. Sura ya saa, rangi ya mshale, hayo yawe ya mwisho. Wengi tunaanza na ya mwisho, kwa sababu ndiyo yanayoonekana kwenye picha.

Mfano mdogo wa hapa kwetu. Mtu anabadilisha indiketa za balbu kuweka LED, anashangaa zinapepesa kama zimepagawa. Ile rilei ya zamani ilitegemea balbu mbili za wati 21, jumla 42, yaani ampea 3.5 kwenye volti 12. LED zinakula wati chache tu. Rilei inadhani balbu imeungua, inapepesa haraka kukuonya. Kumbe kitu ulichokiona kibovu kinajaribu kusema nawe. Badilisha rilei, mambo yanatulia.

Nirudi kwenye ualimu wangu. Mapinduzi ya Viwanda kwenye daftari yana sababu sita na matokeo saba. Kwenye pikipiki moja ya Triton kuna duka la saa la London lililogeuka kiwanda, muuza mafuta ya taa wa Birmingham, hataza ya Strasbourg, sheria ya Bunge, vita, vijana wenye mishahara ya kwanza, na misiba iliyoleta sheria nyingine. Vyote vimefungwa kwa bolti. Siku nikipewa darasa nitatafuta spidomita mbovu kwa fundi, niifungue mbele ya wanafunzi, nimpe kila mmoja azungushe kile kikombe cha alumini kwa mkono wake. Waniulize kwa nini kinasogea bila kuguswa. Halafu waniulize nani alitaka kujua mwendo wake, na kwa nini. Hapo tutakuwa tumeanza Historia.

Haya wadau, nisiwachoshe, nina asainimenti ya Saikolojia ya Elimu inanisubiri. Lakini semeni ukweli: mngeruhusiwa saa moja tu juu ya usukani wenu, mngechagua ile inayoonyesha mnakwenda kasi gani, au ile inayoonyesha injini imebakiwa na nini? Nangoja majibu, hasa ya nyie wenye pikipiki, na hasa ya nyie mnaopandishwa nyuma.

Nawakilisha.